Kagueni keria kabla ya kulaumu nozeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wenye pikapu za dizeli, na pia na ninyi mnaoandika habari za magari. Kila bei ya dizeli inapopanda, ushauri tunaopewa ni uleule: safisha nozeli, badili filta, pima pampu, tia dawa fulani kwenye tanki. Ya filta na nozeli siyapingi, maana gari lisilofanyiwa sevisi litakula mafuta tu. Lakini kwa pikapu inayoshinda barabara kuu, sehemu kubwa ya dizeli inaungua kwa kazi moja ambayo hatuizungumzii kabisa, nayo ni kusukuma hewa.

Mimi ni fundi wa bodi. Nachomelea keria, natengeneza kanopi, nafunga ngao za mbele na kunyoosha mabati. Vitu nitakavyovitaja hapa ndivyo vinavyonipa riziki, na bado nimeona nivitaje, kwa sababu inaniuma kuona mteja anamaliza fedha zake kwa fundi wa pampu ilhali tatizo liko juu ya paa, mahali anapopaona kila akifungua mlango.

Yupo mteja mmoja aliyenijia na pikapu ya milango minne nirekebishe mlango wa nyuma uliobonyea. Juu ya kebini kulikuwa na keria ndefu ya paipu za duara, mbele yake taa zimepangwa safu nzima, katikati amelaza tairi la akiba. Mbele ana ngao pana ya chuma. Springi zimeinuliwa, matairi ni mapana kiasi cha kutokeza nje ya madigadi. Malalamiko yake yalikuwa mafuta. Nozeli alishabadilishiwa zote, pampu ilishafunguliwa na kufungwa, na gari bado linakula vilevile. Nikawasha injini nisikilize. Ilishika kwa mguso mmoja, moshi safi, mlio umetulia. Injini ile haikuwa na ugonjwa wowote. Tulifungua keria nzima, tairi la akiba likarudi mahali lilipowekwa na kiwanda, chini ya bodi, na nikamwomba apite njia yake ileile kwa spidi ileile, kisha ajaze tanki kwenye pampu ileile. Kwa fundi wa pampu hakurudi tena.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nguvu ambayo hewa inalikinza gari inategemea mambo manne: uzito wa hewa, ukubwa wa uso wa gari unaoikabili, umbo la gari, na spidi. Spidi ndiyo yenye makali kuliko yote, kwa sababu inajizidisha yenyewe kwa yenyewe. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, umeongeza spidi kwa robo tu, lakini ukinzani wa hewa umepanda kwa asilimia 56. Umbo nalo lina namba yake, ambayo wahandisi huiita mgawo wa ukinzani; ikiwa kubwa, hewa inakinza zaidi. Saluni nyingi za siku hizi zina kama 0.25 hadi 0.30. Pikapu nyingi zinazunguka kwenye 0.40, nyingine zinapita hapo, na juu ya hilo uso wake ni mpana.

Chukua pikapu ya ukubwa wa kati yenye uzito wa tani 2, uso wa mita za mraba 2.8 hivi na mgawo wa 0.42. Kwenye spidi ya 100, hewa inairudisha nyuma kwa nguvu ya niutoni 540 hivi, sawa na uzito wa kilo 55. Matairi kuviringika juu ya lami yanadai kama niutoni 240. Nguvu hizo mbili zinalingana mahali fulani kati ya 60 na 70 kwa saa, na ukishapita hapo hewa ndiyo inayotawala. Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi, na injini nzuri pamoja na gia zake hufikisha kwenye magurudumu karibu theluthi moja. Kwa hiyo katika kila kilomita 100, hewa peke yake inakunywa kama lita 4.5 ukienda 100. Ukienda 80 inakunywa lita 2.9. Ukienda 120 inakunywa lita 6.5. Nozeli mpya zitaichoma dizeli hiyo vizuri zaidi, sawa, lakini kazi ya kusukuma hewa itabaki palepale mpaka mtu aguse spidi au umbo la gari.

Na dizeli ina sifa moja ambayo wengi hawaifahamu. Injini nyingi za petroli hupunguza nguvu kwa kubana hewa inayoingia, kwa hiyo ukiipunguzia mzigo, sehemu ya faida inapotelea kwenye kuivuta hewa kupitia tundu lililobanwa. Dizeli haina haja ya kubana hewa. Ikitaka kupunguza nguvu inapunguza mafuta tu. Ndiyo maana mwenye dizeli akiliondolea gari lake mzigo wa hewa, faida yake inaonekana kwenye tanki bila kupotea sana njiani.

Nianze na keria, kwa kuwa ndiyo inayoniuma zaidi. Paipu ya duara ikikatishwa kwenye upepo ni kitu kibaya sana. Kwa macho inaonekana laini, ila hewa inaiacha mapema upande wa nyuma, na nyuma yake panabaki mchafuko unaoivuta. Kipande chenye unene uleule kilichochongwa kama bawa la ndege hukinza hewa kama mara kumi pungufu. Sasa hesabu paipu za keria moja: za kukatisha, za pembeni, miguu yake. Ule mluzi unaousikia ukipita 70 ni hewa ikijikata kwenye paipu hizo, na sauti hiyo nayo inalipiwa na dizeli. Kama keria unaitumia mara moja moja, ifungwe kwa bolti za kipepeo zinazofunguka kwa mkono, ishushwe siku isiyo na kazi. Mimi sasa kila keria ninayotengeneza naifunga hivyo, hata mteja asipoomba.

Kuhusu mzigo wenyewe, tovuti rasmi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia matumizi ya mafuta inatoa makadirio ya sanduku kubwa butu likiwekwa juu ya paa la gari: hasara ya asilimia 2 hadi 8 mjini, 6 hadi 17 barabara kuu, na 10 hadi 25 kwenye spidi za kati ya 105 na 120 kwa saa. Mzigo ukihamishiwa nyuma ya gari, hasara inashuka hadi asilimia 1 au 2 mjini na 1 hadi 5 barabara kuu. Mwenye pikapu ana bodi nzima nyuma yake. Kuweka tairi, dumu au kreti juu ya paa huku bodi iko tupu ni kuchagua mahali ghali kuliko pote.

Sasa nije kwenye ushauri ambao ningependa gazeti lenu lisaidie kuuzika: kwamba ukishusha mlango wa nyuma wa bodi, hewa itapita bila kizuizi na gari litakunywa kidogo. Naelewa kwa nini mtu anaamini hivyo. Ukiutazama mlango ule umesimama, unaonekana kama ukuta unaogongwa na upepo. Lakini hewa haigongi pale. Ikishavuka paa la kebini inaruka juu ya bodi, na ndani ya bodi kunabaki hewa inayozunguka mahali pamoja kama gurudumu lililolala. Hewa ya juu inateleza juu ya mzunguko huo na kutokea kwenye ukingo wa mlango. Ukiushusha mlango, mzunguko ule unavunjika, na pikapu nyingi hazipati nafuu yoyote. Nyingine zinaongezewa ukinzani. Ukitaka ushahidi, tupa majani makavu kidogo ndani ya bodi tupu, funga mlango, uendeshe. Majani yaliyo sakafuni hayakimbilii nyuma. Yanakwenda mbele na kujazana kwenye ukuta wa kebini, kwa sababu chini ya mzunguko hewa inarudi mbele. Acheni mlango ufungwe, na mzigo wenu utabaki salama pia.

Kinachosaidia ni kufunika bodi. Kifuniko bapa kilichokazwa vizuri kinapunguza ukinzani kwa asilimia chache, na kwa hesabu ya haraka, kwenye barabara kuu ukipunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia 10 unaokoa karibu asilimia 5 ya mafuta. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kukuahidi miujiza kwa kifuniko bapa. Faida ipo, ni ndogo, na inaingia kila kilomita. Turubai pia linafaa, ila likazwe lisipigepige. Turubai linalopigapiga linachafua hewa uliyotaka ipite kwa utulivu, na kamba zake zitakatika.

Kanopi ndiyo yenye mengi, na hapa naomba mafundi wenzangu wanisikilize. Kanopi iliyo juu kuliko kebini inaongeza uso wa gari, na hasara yake haina mjadala. Iliyo sawa na kebini, yenye mgongo ulionyooka, haina madhara makubwa. Iliyo bora ni ile inayoteremka taratibu kutoka ukingo wa paa kwenda nyuma, kwa sababu hewa inaifuata badala ya kuachana nayo ghafla. Mteremko una kikomo lakini. Ukipita pembe ya nyuzi 12 hadi 15 hivi, hewa inashindwa kuufuata na kuachana nao juu kabisa, na kazi yako yote inakuwa bure.

Kosa ninaloliona kwenye kanopi za mteremko ni fundi kuvuta mstari kutoka paani hadi juu ya mlango wa nyuma bila kupima. Pikapu ya milango minne ina bodi fupi, tuseme mita 1.5. Kutoka usawa wa paa hadi ukingo wa mlango kuna sentimita 60 hivi za kushuka. Hizo ni nyuzi 22, hewa haitaufuata mteremko kama huo. Kwa nyuzi 12, kwenye mita 1.5 unashuka sentimita 32 tu. Maana yake kanopi iishie juu zaidi ya mlango, na nyuma ikatwe wima. Wunibald Kamm, mhandisi wa Ujerumani, alishalionyesha jambo hili miaka ya 1930: umbo halihitaji kumalizika kwa ncha ndefu, unaweza kulikata kabla, na sehemu kubwa ya faida ukabaki nayo. Pikapu ya milango miwili yenye bodi ya mita 2.4 ina nafasi zaidi. Kwa nyuzi zilezile inaweza kushuka sentimita 50, kwa hiyo inakaribia mlango wenyewe.

Ukingo ule wa mwisho uwe mkali. Mafundi wengi tunapenda kuuviringisha kwa sababu unapendeza machoni na haukwaruzi mtu, lakini ukingo wa nyuma ulioviringishwa unaifanya hewa isijue iachane na gari wapi. Mbele ni kinyume chake kabisa. Kila kona inayokutana na hewa kwanza iviringishwe. Mwaka 1973, wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, kwenye kituo chao cha utafiti wa ndege huko jangwani California walichukua gari la mizigo la Ford, wakalivika mabati bapa likawa sanduku lenye kona kali kila upande, wakapima. Kisha wakaanza kuziviringisha kona hizo. Ukinzani wa hewa ulishuka kwa zaidi ya nusu, na nafasi ya ndani iliyopotea ilikuwa ndogo mno. Yeyote anayechomelea boksi la mizigo kwenye pikapu, likatokeza juu ya kebini na kona za mbele zilizokunjwa kwa pembe ya nyuzi 90, ajue anamwachia mteja wake deni litakalolipwa kituo cha mafuta kwa maisha yote ya gari. Bati lililokunjwa kwa mviringo linachukua muda mrefu zaidi kulitengeneza. Litengenezwe hivyo hivyo.

Utajuaje kama hewa inafuata kifuniko chako? Kata nyuzi za sufi, kila moja urefu wa kiganja, uzibandike kwa selotepu safu kwa safu juu ya kanopi, ncha moja ikiwa huru. Mtu mwingine aendeshe gari jingine pembeni kwa umbali salama, na abiria wake apige video. Nyuzi zinazolala zikielekea nyuma, hapo hewa inafuata. Zinazocheza huku na huku au zinazosimama na kuelekea mbele, hapo imeachana na bodi. Nimewahi kuona safu ya juu imelala vizuri kabisa, na inayofuata, umbali wa shubiri tu, inapiga kama ina wazimu. Palepale ndipo mteremko ulipozidi.

Chini ya gari hatutazami, nako kuna hasara. Lile pindo la plastiki chini ya bampa ya mbele, ambalo likivunjika tunalitupa, liliwekwa na kiwanda ili hewa isiingie kwa wingi chini, kwenye ekseli na gia. Kava ya chini ya injini nayo inafunguliwa wakati wa kubadili oili na kuachwa gereji kwa sababu bolti mbili zimepotea. Idai ufungiwe. Kuinua gari nako kunaipa hewa uwanja mpana zaidi wa kuingia chini na kuacha sehemu kubwa ya matairi wazi, na magurudumu peke yake yanachangia karibu robo ya ukinzani wa gari. Anayepita mashimo na matope kila siku ana sababu ya kuinua. Anayepita lami tu ajiulize. Tena matairi makubwa yanadanganya hesabu: kipenyo kikizidi kwa asilimia 5, mita ya kilomita nayo inasoma pungufu kwa asilimia hiyo hiyo, kwa hiyo usilinganishe kabla na baada bila kurekebisha.

Kuna wanaoziba grili kwa bati au plastiki ili hewa isipite kwenye rejeta. Kweli, hewa inayoingia humo inaongeza ukinzani, ndiyo maana magari mengi mapya yana grili zinazojifunga zenyewe. Lakini zile zinajifungua zenyewe pia injini ikipata joto. Dizeli yenye tabo inahitaji hewa hiyo kwa rejeta na kwa intakula, ile inayopoza hewa ya tabo kabla haijaingia kwenye injini, hasa ikiwa na mzigo au ikipanda mlima. Asiyekuwa na geji ya kuaminika asiguse hapo. Na kuna jingine ambalo nalikataza moja kwa moja: kumfuata lori kwa karibu ili akukingie upepo. Nafuu ipo, lakini lori likifunga breki huna mahali pa kwenda.

Dawa ya kwanza kuliko zote haihitaji fundi. Kwa pikapu ile ya mfano, ukishuka kutoka 110 hadi 90, hewa inapunguza unywaji kutoka lita 5.5 hadi 3.7 kwa kila kilomita 100, na safari inaongezeka kwa dakika 12. Siku ya upepo wa mbele fikiri zaidi. Ukienda 90 na upepo unakuja kwa 20, gari linakabiliana na hewa ya 110. Punguza, hutapoteza muda mwingi.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwenu ni hili. Mnapoandika kuhusu pikapu mpya, namba ya mafuta mnayoichapa ni moja tu, tena ni ya gari tupu lilivyotoka kiwandani. Tafadhali lipimeni wenyewe kwa spidi isiyobadilika ya 80, ya 100 na ya 120, mchape zote tatu. Kisha lifungeni keria na ngao, mpite tena njia ileile, kwenda na kurudi, siku isiyo na upepo, mkijaza tanki kwenye pampu moja, na mchape tofauti. Barani Ulaya, tangu 2017, utaratibu wa kupima magari mapya unazingatia hata vifaa vya ziada alivyochagua mnunuzi vinavyobadili uzito, matairi au ukinzani wa hewa. Msomaji wenu anastahili habari hiyo kabla hajalipia keria. Na mkihitaji fundi wa kufunga na kufungua vifaa kwa ajili ya kipimo hicho, mimi nipo na nitaifanya kazi hiyo bila malipo.

Wenu,
Fundi bodi